Shingo Ndiyo Waliruka

Wengi wetu tumekua tukijua kiharusi ni kitu ya guka na shosho. Presha, sukari, miaka sabini. Lakini kuna kiharusi kingine ambacho hushika wasee wa miaka ishirini, thelathini, hata wale wa gym, na madaktari walichukua karibu miaka mia tatu kukielewa. Nimesoma hiyo historia na kwangu imejaa kosa moja: hakuna mtu alikuwa anaangalia shingo.

Kwanza tuelewane. Damu ya ubongo inapitia ateri nne za shingoni: mbili mbele, zile unasikia zikidunda ukigusa chini ya taya, na mbili nyuma, zinazopita ndani ya mashimo ya mifupa ya shingo. Ukuta wa ateri una tabaka tatu. Ile ya ndani ikichanika, damu inajipenyeza katikati ya tabaka, ukuta unavimba na njia inakuwa nyembamba. Ama damu inaganda pale penye mchaniko, kipande kinang'oka, kinapanda na kuziba ubongo. Hicho ndicho kiharusi, na hakijauliza umri wako.

Sasa historia. Mwaka 1658, daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, aliandika kwamba kiharusi kinaweza kuletwa na damu kuvuja ndani ya ubongo ama damu kuzuiwa kufika huko. Kumbe dokezo lilikuwepo mapema hivyo! Mwaka 1914, Mmarekani Ramsay Hunt aliwaambia wenzake wapime ateri za shingo kwa kila mgonjwa wa kiharusi. Wachache walisikia. Mtu akikufa, walifungua kichwa, wakafungua kifua, shingo wakairuka.

Aliyebadilisha mambo ni Miller Fisher wa Kanada, daktari aliyekuwa amefungwa na Wajerumani miaka kama mitatu na nusu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1951 alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba tatizo la ubongo mara nyingi linaanzia shingoni. Mwaka 1978, yeye na wenzake wakaeleza wagonjwa ambao ateri zao zilichanika zenyewe, bila ajali kubwa. Waliweza kuwatambua wakiwa hai kwa sababu ya picha za eksirei za mishipa, ambazo Egas Moniz alikuwa amezianzisha Lisbon mwaka 1927 kwa kudunga dawa inayoonekana kwa picha.

Dunia ya kawaida ilishtuka Novemba 2014. Phillip Hughes, mchezaji kriketi wa Australia, alikuwa na mikimbio 63 uwanjani Sydney mpira ulipomgonga shingoni, chini ya kofia ya chuma. Ateri ya nyuma ilichanika, damu ikamwagika ubongoni. Alikufa siku mbili baadaye, akiwa na miaka 25. Kofia zilikuwa zimelinda kichwa na uso vizuri. Shingo, tena, ilirukwa. Leo Australia inawalazimisha wachezaji wake wakuu kuvaa kinga ya shingo wakikabili mipira ya kasi.

Sasa tuje nyumbani. Unajua kinyozi akimaliza kunyoa, anakukanda mabega, anashika kidevu na kisogo, halafu ka! Tunaiona ni starehe ya bure. Lakini tangu mwaka 1947 madaktari wa Marekani wameandika kuhusu watu waliokufa baada ya shingo kupindishwa hivyo na watu waliosomea hiyo kazi. Mwaka 1993, Michael Weintraub akaandika kuhusu wanawake waliopata kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni, shingo imelazwa nyuma kwa sinki. Si ati kila mtu atapata. Ni nadra, na wanasayansi bado wanabishana: pengine wengine walienda kukandwa kwa sababu ateri ilikuwa tayari imechanika na shingo inauma. Mimi bado naona hiyo ka! haina faida ya kutosha. Mwambie kinyozi aishie mabegani, hatakasirika.

Kitu cha kushika ni hiki. Maumivu ya upande mmoja wa shingo, uso ama kichwa, ambayo hujawahi kuyasikia, hasa baada ya kugongwa ama kupindisha shingo, yanaweza kutangulia kiharusi kwa masaa, siku, hata wiki. Kope moja ikilegea, uso ukienda upande, maneno yakikwama, mkono ukikosa nguvu, kizunguzungu kikakuangusha, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Ikijulikana mapema, dawa za kuzuia damu kuganda husaidia, na ateri nyingi hupona ndani ya miezi michache.

Shida ni kwamba kijana akisema kichwa kinauma, anaambiwa ameze Panadol, apunguze simu, alale. Wewe ukifika hospitali, usiseme tu "naumwa kichwa". Onyesha kwa kidole, sema ilianza lini na ulikuwa unafanya nini. Taja shingo.