Fedha, Risasi na Wanja: Mawe ya Nyuma ya Pwani na Majina Yake

Katika kamusi za Kiswahili maneno matatu, fedha, risasi na wanja, yamewekwa mbalimbali, kama vitu visivyo na ujamaa wowote. Hali katika mwamba vitu hivyo ni ndugu, na pengine hukaa katika jiwe moja. Jiwe hilo limo katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa na Kilifi, hasa Kinangoni na Vitengeni, pamoja na madini ya zinki na jiwe jeupe zito liitwalo bariti. Tumekusudia kueleza jinsi lilivyofika huko, na kwa nini majina yake yalitoka ng'ambo ya bahari hali lenyewe lilikuwa chini ya miguu ya wenyeji.

Tuanze na nchi yenyewe. Msafiri ashukaye toka Voi kwenda Mombasa hupita Taru, kisha Maji ya Chumvi, kisha Mariakani, kisha Mazeras. Wataalamu wa miamba wamezipa tabaka za mawe majina ya mahali hapo hapo, na kwa utaratibu huo huo: za Taru ndizo za kale zaidi, za Mazeras ndizo za mwisho. Zote pamoja huitwa mawe ya Duruma. Yalilala tangu miaka milioni 300 hivi iliyopita hadi milioni 200 hivi, mchanga na tope vikichukuliwa na mito na kutuama mabondeni. Katika mawe ya Mazeras huonekana hata leo magogo ya miti yaliyogeuka kuwa jiwe.

Wakati huo hapakuwa na bahari hapa, kwa maana Bukini, yaani Madagaska, ilikuwa imeshikamana na Afrika. Kisha nchi ikaanza kupasuka, na bahari ikaingia katika ufa. Mawe ya chokaa ya Kambe, yenye umri wa miaka milioni 170 hivi, ni ushuhuda wa bahari hiyo. Mpasuko haukuwa mmoja. Zilifanyika nyufa nyingi, nyingi zikielekea karibu sawa na pwani, na upande mmoja wa ufa ukashuka kuliko mwenzake.

Nyufa hizo ndizo njia za madini. Maji ya moto yenye chumvi nyingi hupita kilindini, nayo huyeyusha risasi, zinki na bariamu kidogo kidogo kutoka katika mawe. Yapandapo katika ufa, hupoa na kukutana na maji ya namna nyingine; ndipo hushindwa kubeba mzigo wake, yakauacha. Risasi iliyoungana na salfa huwa galena, jiwe la kijivu ling'aalo kama kioo, livunjikalo kwa pembe nne nne. Zinki iliyoungana na salfa huwa sfaleriti, na jina hilo katika Kiyunani lina maana ya udanganyifu, kwa kuwa wachimbaji wa kale walilidhania kuwa risasi wasipate kitu. Bariti nayo, ambayo msomaji asiichanganye na baruti, hujaza nafasi zilizobaki. Haing'ai kama chuma, lakini mtu akiiinua mkononi hushangaa, maana uzito wake ni mara 4.5 ya uzito wa maji. Galena ni mara 7.5.

Na fedha iko wapi? Katika madini ya namna hii haionekani kwa macho. Imo ndani ya galena, kwa kawaida chini ya sehemu moja katika mia. Kuitoa ni kazi ya hatua mbili. Kwanza galena huchomwa na kuyeyushwa hata ipatikane risasi. Kisha risasi hiyo huyeyushwa tena katika chombo cha majivu ya mifupa na kupulizwa hewa kwa mivukuto. Risasi huungana na hewa, hunywewa na chombo, na fedha hubaki peke yake. Walimu wanaijua kazi hii, pengine bila kujua kwamba wanaijua, kwa kuwa nabii Yeremia aliitumia kuwa mfano katika sura ya 6, aya ya 29.

Sasa tuyatazame majina. Chuma ni neno la Kibantu, kwa maana wahunzi wa Afrika walifua chuma tangu zamani za kale, na mawe yake hupatikana mahali pengi. Lakini fedha ni neno la Kiarabu, na risasi pia, na hata neno madini. Wanja unaosifiwa huitwa wanja wa manga, na Manga ni Arabuni. Reale za fedha zilizotumika sokoni zililetwa kwa vyombo. Hatusemi kwamba wenyeji walikuwa wajinga wa nchi yao. Chuma kilikuwa wazi, na galena ilikuwa imefichwa ndani ya ufa. Na tena fedha ilikuwa imefichwa ndani ya galena. Mtu akiiokota, alipata jiwe zuri zito tu. Biashara ilimletea kitu kile kile kikiwa tayari, pamoja na jina lake.

Habari ya miamba hii ilianza kuandikwa na watu wa misheni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Alikusanya amoniti, yaani makombe ya kale yaliyogeuka mawe, naye Oscar Fraas wa Stuttgart akatoa habari zake mwaka 1859, akionyesha kwamba mawe ya karibu na Mombasa ni ya zama za Jura. J. W. Gregory alipita katika safari ya 1892 na 1893, akarudi 1919. Mwaka 1956 P. V. Caswell alitoa taarifa ya serikali juu ya nchi ya Kilifi na Mazeras. Katika karne hiyo ya 20 watu walichimba Kinangoni na Vitengeni.

Hapo ndipo lugha inapokuwa jambo zito. Neno fedha lina maana mbili: madini yenyewe, na mali ya kununulia. Mgeni akimwambia mkulima kwamba chini ya shamba lake kuna fedha, mkulima husikia habari ya mali, hali mgeni amesema habari ya sehemu ndogo ndani ya risasi, ndani ya ufa, itakayotaka gharama kubwa kutolewa. Tena kwa sheria ya madini ya Kenya ya mwaka 2016, madini yaliyo chini ya ardhi ni amana mikononi mwa serikali. Na mrabaha hugawanywa, sehemu 70 katika mia kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali. Mwenye shamba anapaswa kuyajua haya kabla hajatia sahihi.

Jambo la pili ni la watoto. Wanja wa siku hizi mara nyingi ni masizi tu, lakini mwingine uuzwao masokoni ni galena iliyosagwa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, wala hakijajulikana kiasi chake kisicho na madhara. Mama ampakaye mtoto wanja anafuata desturi ya heshima na ya upendo, asikemewe. Aelezwe kwamba ndani ya jina lile zuri huenda ikawamo risasi. Akimwuliza mwalimu atajuaje, ajibiwe kweli: kwa macho hawezi kujua. Basi kwa mtoto mchanga ni heri kuacha.

Kwa hiyo mwalimu afundishapo majina ya madini asiyaache kama yalivyo katika kamusi, kila moja mahali pake. Na ayafundishe pamoja, kama yalivyokaa katika mwamba.