Mabaki Si Kaburi

Sisi wa Bunia twaijua sauti ya ndege ndogo. Huleta dawa na wageni mahali ambapo barabara ni mbovu au si salama. Siku isipofika saa yake, sokoni huanza maneno: "Wamekufa wote." Basi sikilizeni habari ya ng'ambo ya Ziwa Alberti, upande wa Uganda.

Tarehe 23 Januari 1954, Ernest Hemingway, mwandishi mashuhuri wa Marekani, na mkewe Mary waliruka kwa ndege ya injini moja kutazama maporomoko ya Murchison. Rubani wao, Roy Marsh, akikwepa kundi la ndege wa porini, aligonga waya wa simu ya zamani ulioachwa bila kazi. Chombo kikaharibika, ikawa hana budi kukishusha.

Wengi hudhani ndege iliyopoteza nguvu huanguka kama jiwe. Sivyo. Hata injini ikizimika kabisa, mabawa bado huibeba, mradi mwendo usipungue mno. Rubani huinamisha pua kidogo, ndege ikateleza hewani. Ikiwa juu kilomita moja, yaweza kwenda mbele kilomita nane hivi. Katika dakika hizo chache hutafuta mahali wazi. Marsh alikuwa chini, nafasi yake ilikuwa ndogo. Hata hivyo aliishusha vichakani, na wote watatu wakatoka hai, Mary amevunjika mbavu.

Usiku ule walilala porini karibu na tembo. Rubani wa ndege nyingine alipita juu, akaona mabaki, asione mtu. Magazeti ya dunia yakatangaza kifo chao. Kumbe siku ya pili mashua ilipita mtoni, ikawachukua hadi Butiaba. Huko walipanda ndege nyingine. Nayo ikashindwa kuruka, ikawaka moto. Wakaokoka tena, lakini Hemingway aliumia kichwa vibaya. Baadaye alisoma magazetini habari za kifo chake mwenyewe! Mwaka uleule akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, asiende Stockholm kuipokea.

Ndugu, magazeti yaliwazika. Mashua iliwakuta hai. Ndege ikichelewa, tusieneze uvumi. Tuwaulize wa uwanjani njia yake, na walio karibu na pori waende kutazama, wakichukua maji na vitambaa vya kufungia vidonda. Matanga yaweza kungoja, majeruhi hawezi.