1966: Bingwa wa Formula 1 na Mabingwa Wasio na Jina wa Barabara ya Iringa na Mbeya

Wadau wa Formula 1, mwaka 1966 ulikuwa na chuma kimoja tu cha kuongelea: Brabham BT19. Gari la kiti kimoja, injini ya Repco V8 ya lita 3, na lilitengenezwa moja tu, la pili halipo. Jack Brabham wa Australia, akiwa na miaka 40, alilipeleka Ufaransa, Uingereza, Uholanzi na Ujerumani akashinda kote mfululizo, kisha akabeba ubingwa wa dunia. Mpaka leo hakuna dereva mwingine aliyeuchukua na gari lenye jina lake mwenyewe.

Na wala halikuwa gari lenye nguvu kuliko yote. Lilikuwa jepesi na halisumbui. Bloku ya injini yake ilianzia kwenye Oldsmobile, gari la kawaida la mtaani huko Marekani!

Huku kwetu nako mwaka huohuo kulikuwa moto. Pasaka, magari 88 yaliingia Safari Rally, yakamaliza 9 tu. Mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, na gari lake Peugeot 404. Mwaka 1967 akarudia tena.

Ila mbio ngumu kuliko zote hazikuwa na kombe. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Vikwazo vikafuata, na Zambia ikajikuta imekatiwa mafuta yaliyokuwa yakipita huko. Ikabidi yaanze kupita kwetu: Dar, Morogoro, Iringa, Mbeya mpaka Tunduma, zaidi ya kilometa 900. Sehemu kubwa ilikuwa vumbi, na masika ikifika ni tope tupu. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba. Wazungu wakaibatiza Hell Run, yaani mbio za jehanamu.

Hebu vuta picha. Lori limeshiba petroli, linaupanda Kitonga, mvua inapiga, korongo liko pembeni. Brabham akipata hitilafu, mafundi wake wako palepale. Dereva wa lori ana utingo, jeki na Mungu wake. Wapo ambao hawakurudi nyumbani.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupitisha mafuta. Baadaye ikaja lami, halafu reli ya TAZARA, mzigo ukapungua.

Leo BT19 limetunzwa Australia kama mboni ya jicho. Madereva na matingo waliosaidia nchi nzima isizimike, nani anawataja? Ubingwa wao haukuwa wa sekunde. Ulikuwa wa kufika.

Mdau wa Mafinga, Makambako, Igawa, Uyole: kwenu kuna babu aliyepiga gia njia hii enzi hizo? Mwage stori yake hapo chini, na jina lake litajwe.