Kuchoma matairi kabla ya mbio za dragi: lini kunafaa, lini ni hasara

Mwana wa ndugu yangu anafanya kazi Sotik, kaunti ya Bomet. Kazaliwa Mombasa na kulelewa Mombasa, lakini riziki imempeleka kwenye majani chai. Juzi alinipigia simu: "Ami, shikamoo. Tuna mbio za dragi Jumamosi, kipande cha barabara ya shamba kitafungwa. Wenzangu wanasema lazima nichome matairi kabla ya kuondoka mstarini. Nichome, nisichome?"

Nimeshika spana miaka mingi, na si mara moja nimeletewa gari lililoharibika kwa moshi wa dakika moja. Kwa hivyo sikumjibu kwa mkato. Nilimuuliza kwanza: una matairi gani, gari lako linavuta kwa magurudumu yapi, na jioni utarudi nyumbani na nini? Nimeona maswali hayo yawafae na vijana wetu wa huku, ambao nao siku hizi wamo katika mchezo huu.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Ukiwa na matairi ya kawaida ya barabarani, zungusha sekunde mbili au tatu kuyafuta vumbi na changarawe, basi. Moshi mwingi ni wa matairi maalum katika uwanja maalum.

Kazi ya kuchoma matairi

Kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kusafisha: tairi linalotoka kuegeshwa limebeba mchanga, vijiwe na vumbi, na vitu hivyo vikikaa kati ya raba na lami, gari huteleza. Ya pili ni kupasha moto. Raba ikipata joto inalainika na kushika vizuri zaidi. Ya tatu ni kupaka raba juu ya lami, ili gari liondoke juu ya alama zake lenyewe.

Mchezo wenyewe ulipangiwa kanuni Marekani, ambako chama cha NHRA kiliundwa mwaka 1951. Masafa ya asili ni robo maili, yaani mita 402. Magari makubwa ya huko hutumia matairi ya mbio yasiyo na meno, yenye raba laini sana. Msomaji asiyachanganye na matairi vipara ya matatu mbovu: kipara ni tairi lililokwisha, na raba iliyobaki ni ngumu. Tairi la mbio limeumbwa laini tangu kiwandani, na bila joto halishiki ipasavyo. Lami ya uwanja nayo hupuliziwa dawa ya kunata, na raba ya mbio zilizopita imejikusanya juu yake. Mahali kama hapo kuchoma matairi ni sehemu ya maandalizi, kama mchezaji wa mpira anavyopasha misuli.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanaijua picha hii. Bahrain wana njia ya dragi katika uwanja wao wa Sakhir, na Doha pia wana uwanja wa mchezo huo. Video zinatumwa kwenye simu, kijana wa Kisauni anaona moshi mweupe umefunika gari zima, naye anadhani moshi ndio mbio. Wazee walisema ukiiga tembo kunya utapasuka msamba.

Tairi la barabarani halipendi moto mwingi

Tairi la gari la kawaida limetengenezwa lidumu, lishike kwenye baridi na kwenye mvua. Likipashwa kidogo hakuna neno. Likichomwa sana, mafuta yaliyomo ndani ya raba yanapanda juu na uso wa tairi unakuwa kama umepakwa samli. Dereva anaona moshi na kudhani yuko tayari. Taa ikiwaka, magurudumu yanazunguka bure na mwenzake ameshaondoka.

Utajuaje una tairi gani? Soma ubavuni. Matairi mengi yameandikwa neno TREADWEAR na nambari. Likisoma 400 au zaidi, hilo ni tairi la kudumu, raba yake ni ngumu, na moto hautaligeuza kuwa la mbio. Likisoma 200 au chini, raba ni laini zaidi na joto kidogo linaweza kulisaidia. Tazama pia tarehe: baada ya herufi DOT kuna nambari nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Raba iliyozeeka imekauka, na kuichoma ni kuikwangua tu.

Sotik si Mombasa

Kwetu pwani lami ya saa nane mchana inachoma unyayo. Tairi likisimama juani tayari lina joto la kutosha, na haja ya kulizungusha ni ndogo mno. Kule nyanda za chai hali ni nyingine. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya bahari, na Sotik si chini sana ya hapo. Lami ni baridi, na mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kijana atasema: basi huko ndiko kunakofaa kuchoma zaidi. La. Joto la kuchoma linakaa juu juu ya raba. Ukisimama foleni dakika tano katika baridi ile, limepotea, na kilichobaki ni tairi lililopungua unene.

Kuna na hewa. Kwenye mwinuko ule hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu iliyo nayo hapa pwani. Gari dogo la lita 1.5 lililopungukiwa namna hiyo halina nguvu ya kuzungusha matairi yake bila kuumiza klachi. Na ikiwa kuondoka tu halizungushi matairi, basi tatizo lake si mshiko, na dawa ya mshiko haitaliongezea mwendo.

Upepo wa matairi nao hubadilika. Ukiyajaza Mombasa ukapanda nayo hadi Kericho, kipimo kitasoma zaidi kidogo, kwa kuwa hewa ya nje imepungua nguvu ya kukandamiza. Pima upya huko huko, asubuhi, matairi yakiwa baridi. Kushusha upepo wa magurudumu yanayovuta kutoka 32 hadi 27 au 28 kunasaidia gari la kawaida kushika kuliko moshi wa dakika nzima, wala hakugharimu kitu. Ukimaliza, jaza tena kabla ya kushika njia.

Mwisho, barabara za majani chai zina udongo mwekundu unaoletwa na matrekta na malori. Hapo ile kazi ya kwanza, ya kusafisha, ndiyo yenye maana.

Gari lako linavuta kwa wapi?

Gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, kama mengi ya Toyota ndogo tunazoendesha, huchomwa kwa kuvuta handibreki ili ya nyuma yasimame. Tabu iko kwenye difu. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwa gurudumu linaloteleza, kwa hivyo mara nyingi ni tairi moja tu linalochomeka na lingine linabaki baridi. Unafika mstarini mguu mmoja una moto, mwingine hauna. Vimeno vya difu vinazungushwa kwa kasi visiyoumbiwa, na viungo vya ekseli navyo vinalia. Kumbuka pia kwamba gari likiondoka uzito unakimbilia nyuma na pua inakuwa nyepesi. Dawa yake ni mguu wa taratibu kwenye mafuta mita za mwanzo.

Gari linalovuta kwa nyuma ndilo linalofaidika zaidi na kuchoma, ila breki za mbele zinapaswa kulishikilia huku za nyuma zikiwa huru. Wenye magari ya mbio wanafunga vali maalum kwa kazi hiyo. Asiye nayo anakanyaga breki na mafuta pamoja, na breki za nyuma zinaungua. Gari la otomatiki likifanywa hivyo linachemsha mafuta ya giaboksi. Zikipita sekunde chache, acha.

Linalovuta kwa magurudumu yote manne, usilichome kabisa. Yote manne yanashika, hivyo kitakachokubali kuteleza ni klachi au kitu ndani ya giaboksi.

Ukiamua kufanya

Usipite kwenye maji. Katika viwanja vya mbio lami humwagiwa maji ili matairi ya mbio yaanze kuzunguka kwa urahisi. Tairi lenye meno hubeba maji yale ndani ya mifereji yake, mengine yanarukia madigadi, kisha yanadondoka mstarini chini ya magurudumu yako na ya anayekufuata. Zunguka kando, sehemu kavu.

Zungusha sekunde mbili au tatu, gari likielekea mbele, usukani umenyooka. Sikiliza: mlio wa changarawe ukikoma, kazi imekwisha. Sogea mstarini bila kupita tena kwenye udongo, na usikae.

Kama huniamini, jaribu. Mwenzako asimame na simu, apige video mita ishirini za mwanzo. Fanya mara tatu ukiwa umefuta tu, na mara tatu ukiwa umechoma. Hesabu sekunde. Video haina ubishi.

Matairi hayo hayo ndiyo ya kurudia

Hapa ndipo nilipomkazania kijana wangu. Tairi jipya lina meno ya milimita saba au nane. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya raba, na meno yakilingana navyo yamebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Kila unapochoma unakata meno hayo. Kazi ya meno ni kutoa maji chini ya tairi. Jioni mvua ikinyesha, unatoka Kaplong kupandia Litein na Kericho, miteremko na kona, malori ya chai mbele na nyuma. Kikombe ulichoshindania kitakuwa kwenye kiti cha abiria na maji yatakuwa chini ya matairi yako. Wenzake wana gari la kuchezea na gari la kazi. Yeye ana moja, na ndilo linalompeleka kibaruani Jumatatu.

Na barabara ya kule si ya magari peke yake. Pembezoni kuna akina mama na viazi na kabeji, kuna bodaboda, kuna watoto wa shule. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likavamia watu waliokuwa wakiuza na kungoja gari kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafariki. Hayakuwa mashindano yale, lakini yanatuonyesha watu wako karibu kiasi gani na lami. Anayechoma matairi hana uhakika gari litaelekea wapi likishika ghafla. Kwenye barabara ya umma kufanya hivyo ni kuendesha kwa hatari, na Sheria ya Trafiki ya Kenya inakuhesabu mkosaji hata kama hukumgusa mtu. Mbio ziwe mahali palipofungwa, watazamaji wawe nyuma ya kizuizi, na asiwepo mtu mbele ya gari wala nyuma yake.

Jumamosi ile alinipigia tena, saa mbili usiku. "Ami, nimefuta tu kama ulivyosema. Nimeshindwa raundi ya pili." Nikamuuliza uko wapi. Akasema yuko nyumbani, mvua ni kubwa, anakunywa chai. Nikamwambia alhamdulillahi.