Bure si Huria

Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza kinahangaika na moja. Kitu kisicholipiwa ni cha bure. Kilicho wazi, ambacho hakuna mtu mmoja wa kukufungia mlango, ni huria, kama tunavyosema soko huria. Historia ya programu za ofisi zisizolipiwa ni historia ya maneno hayo mawili kuchanganywa, na sisi tunaoandika tuna sababu ya kuyatenganisha.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1985 kijana wa miaka 16, Marco Börries, alianzisha kampuni ya Star Division. Programu yake ya kuandikia ilikua hadi ikawa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Kimarekani, Sun Microsystems, iliinunua Star Division, na mwaka uliofuata ikauweka msimbo wa programu hiyo hadharani. Ndipo ikazaliwa OpenOffice.org. Yeyote aliweza kuipakua, kuichungulia ndani, kuirekebisha na kumgawia jirani, na wala usiwe wizi.

Uhuru huo ulifika mpaka kwetu. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Kwa watu waliozoea kopi za mtaani za programu za kulipia, bure haikuwa habari mpya. Habari mpya ni kwamba watu wa Dar waliingia jikoni na kubadilisha menyu wenyewe, maana ruhusa ilikuwemo ndani ya leseni.

Kisha ofisi ikahamia kwenye wavuti. Mwaka 2005 Sam Schillace, Steve Newman na Claudia Carpenter walikuja na Writely, ukurasa wa kuandikia ndani ya kivinjari. Hakuna cha kusakinisha, hakuna flashi yenye virusi, na watu wawili mnahariri andiko moja badala ya kutumiana faili za "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli". Google iliinunua Machi 2006, na Oktoba mwaka huohuo ikaiunganisha na majedwali yake. Hiyo ndiyo Google Docs tunayoijua. Zoho nao walishatoa Zoho Writer tangu 2005. Mwaka 2010 hata Microsoft, mwenye duka mwenyewe, aliiweka Word kwenye wavuti bila malipo.

Tuseme ukweli, zimetufaa sana. Mwandishi akiwa Mwanza na mhariri akiwa Nairobi wanakaa meza moja. Ila angalia kilichobadilika: andiko halipo tena kwako. Oktoba 31, 2017, baadhi ya watumiaji wa Google Docs walijikuta wamefungiwa nyaraka zao wenyewe, wakiambiwa zimekiuka masharti. Google iliomba radhi, ikasema ni hitilafu ya mfumo, ikarekebisha. Sawa. Lakini fikiria una riwaya nusu humo na hukuweka kopi pengine. Hapo neno bure linarudi na maana yake nyingine: kazi bure. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Linganisha na yaliyotokea 2010. Oracle ilipoinunua Sun, waliokuwa wakiijenga OpenOffice.org kwa kujitolea waliingiwa na wasiwasi. Septemba mwaka huo wengi wao walichukua msimbo wakaondoka nao, wakaanzisha LibreOffice. Hawakumwomba mtu funguo. Huo ndio uhuria.

Na wavuti haukatai uhuria. Collabora Online, iliyojengwa juu ya LibreOffice, inaiwezesha taasisi kuendesha ofisi ya mtandaoni kwenye seva yake yenyewe. Shida ni kwamba seva inataka umeme, intaneti na fundi wa kuilinda, na hivyo vyote vinalipiwa. Huria, kumbe, si lazima iwe bure.

Sisemi tuhame. Makala haya nimeyaandika hukohuko kwenye wavuti, kwa sababu ni rahisi na mhariri wangu yuko humo. Ila kabla ya kufunga ukurasa nimepakua kopi, nikaihifadhi kwenye kompyuta yangu. Nawe fanya hivyo leo, hasa kama una muswada.