Makomeno: amri ya Corona ilifika kwa siku moja, chanjo kwa mwaka

Mgonjwa wa kwanza wa Corona katika Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku 12 baadaye, liwali wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula, alitangaza habari ya wasafiri wawili waliofika Lubumbashi kwa ndege, wakishukiwa kuwa na ugonjwa huo. Wakaaji wa Makomeno, sawa na wale wa Katuba na Kampemba, wakaamriwa kubaki nyumbani tarehe 23 na 24. Anayekula kwa kazi ya kila siku alipata usiku mmoja tu wa kujitayarisha.

Chanjo haikuwa na haraka hiyo. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021. Serikali ikangoja kwanza, kwani nchi za Ulaya zilikuwa zinachunguza habari za damu kuganda. Sindano zilianza tarehe 19 Aprili, watu wengi wakiwa na mashaka. Muda wa dozi ulikuwa unaisha Juni. Serikali ikakubali karibu milioni 1.3 zipelekwe nchi zingine.

Basi kiongozi akitangaza chanjo, wakaaji na familia zilizokimbia makwao waulize mapema: kituo gani, mpaka lini, na asiye na kadi atapokelewa namna gani?