Shimoni, Wasini na Kisite

Rasi ya Shimoni iko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari kuna Kisiwa cha Wasini, na nyuma yake Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Kisite. Atokaye Mombasa huvuka feri Likoni, hufuata barabara ya Lunga Lunga, kisha hukata kushoto Kanana. Wengi huja asubuhi kutoka Diani na kurudi jioni ile ile. Haraka hiyo huwanyima mengi, maana huku shughuli hupangwa na maji na upepo.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi ikivuma, hasa Juni na Julai, mawimbi huwa makubwa na mchanga hutibuka, ingawa kuanzia Julai hadi Septemba ndipo nyangumi wenye nundu hupita wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa.

Kisite na Mpunguti ni hifadhi ya bahari ya kilomita za mraba 39, iliyotengwa katika miaka ya 1970. Kisite hakuvuliwi kabisa. Mpunguti wenyeji huruhusiwa kuvua kwa njia za asili, kama mshipi na dema. Maji yakipwa, fungu la mchanga mweupe huibuka Kisite, na mgeni mwenye miwani na mrija huogelea juu ya matumbawe kati ya pono, changu na pengine kasa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya Kenya, kwa hiyo anayesimama juu yake ili apumzike anaharibu kilichobaki. Pomboo nao wasifukuzwe. Nahodha mzuri hupunguza mwendo na kuwaacha wasogee wenyewe, na nahodha wa namna hiyo ndiye wa kumtafuta, hata kama nauli yake imezidi kidogo.

Wasini hakuna magari. Njia za vijiji vya Wasini na Mkwiro ni za kukanyagwa kwa miguu, juu ya ardhi ya mawe ya matumbawe. Chemchemi za maji baridi hazipo, na tangu zamani watu wamekinga maji ya mvua katika mabirika. Wenyeji wengi ni Wavumba, ambao wafalme wao, walioitwa madiwani, walitawala kutoka mji wa kale wa Vumba Kuu, na kisiwani kuna kaburi la mnara lililopachikwa vipande vya kaure ya Kichina. Nyuma ya kijiji cha Wasini iko bustani ya matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini: majabali ya kijivu yaliyotobokatoboka, makali kama wembe, yamezungukwa na mikoko. Kikundi cha wanawake wa kijiji kimejenga daraja la mbao la kupitia, nao ndio wanaotoza kiingilio. Maji yakijaa wakati wa bamvua hupita chini ya mbao; yakipwa hubaki tope na kaa wadogo wanaokimbilia mashimoni. Inafaa kuiona katika hali zote mbili.

Shimoni kwenyewe kuna mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa wakingoja vyombo vya kwenda Unguja. Mapango hayo pia ni mahali pa matambiko. Jamii ya hapo ndiyo inayoyasimamia na kuwatembeza wageni. Mwaka 1954 mwandishi Ernest Hemingway alikuja kwenye kambi ya uvuvi ya Shimoni akiwa na majeraha ya ajali mbili za ndege, na moto wa msituni ukamwunguza hapa.

Mlo wa kawaida wa mgeni Wasini ni kaa mzima, samaki wa kuchoma na wali wa nazi. Vijiji ni vya Waislamu, hivyo leso au kikoi humfaa mgeni anapotoka ufukweni. Anayelala Wasini au Mkwiro avuke kwa mashua ya abiria pamoja na wenyeji na mizigo yao, kabla jua halijatua.